Ndama Hakutoka Mwenyewe

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Somo: Kutoka 31:1–11 na 32:1–24

Ninyi mlio jikoni mkiwasha moto, ninyi mlio njiani kwenda kazini, nanyi madereva wa malori mliolala Namanga mkingoja karatasi zenu zigongwe mhuri, Bwana awape amani.

Asubuhi ya leo twataka kuzungumza juu ya watu ambao hawatajwi sana mimbarani, isipokuwa wanapokemewa. Ni wasanii. Twamaanisha wapiga gitaa, waimbaji, wachoraji, wachongaji, watunzi wa mashairi na michezo ya kuigiza, na hao vijana wa siku hizi wanaotengeneza picha za sinema kwa simu ya mkononi. Katika parokia zetu za Kajiado, tangu Kitengela hadi mpakani, haupiti muda mrefu bila mzazi kubisha mlango wa mchungaji na kusema, "Mchungaji, mtoto wangu ameacha kazi. Anasema yeye ni msanii." Naye hulitamka neno hilo kama mtu atajaye jina la ugonjwa.

Na neno lenyewe, jamani, limepatwa na msiba. Sanaa ni kazi ya ufundi, kazi ya mkono uliotulia. Lakini mtaani leo ukimsikia mtu akisema, "Yule amenifanyia usanii," ujue ametapeliwa. Pesa zimechukuliwa na bidhaa haikuletwa. Lugha haibadiliki bure. Watu wamewaona wengi wanaojiita kwa jina hilo wakikopa wasilipe, wakichukua malipo ya kwanza ya harusi kisha siku ya harusi wasionekane, ndipo jina la ufundi likageuka kuwa jina la ulaghai. Neno "fundi" limeponea chupuchupu. Bado lina heshima yake, ingawa mafundi cherehani nao wanajua sana kutuambia, "Njoo kesho."

Sasa tufungue Biblia. Mtu wa kwanza ambaye Maandiko yasema wazi kwamba Mungu alimjaza Roho yake, ni nani? Wengi mtasema Ibrahimu, au Musa, au mmoja wa manabii. Soma Kutoka mlango wa 31. Ni Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, na kazi yake ilikuwa kuchonga mbao, kukata vito, kufua dhahabu na fedha na shaba. Mungu alimwambia Musa kwamba amemwita mtu huyu kwa jina lake. Hakuwa kuhani. Hakuwa na fimbo ya kupasulia bahari. Alikuwa na patasi na nyundo, na Roho wa Bwana alimjaza hekima, maarifa na ustadi ili kazi ile iwe nzuri machoni. Pembeni yake akawekwa msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani, na wengine wengi wenye mioyo ya hekima.

Yako mambo mawili hapo ambayo msomaji wa haraka huyapita. La kwanza ni lile la mlango wa 35, kwamba Mungu alimtilia Bezaleli moyoni mwake uwezo wa kufundisha. Kipawa chake hakikuwa cha kufungiwa chumbani. Palikuwa na wanafunzi wanaoshika mbao, wanaoharibu, wanaorudia. La pili ni ule mti wenyewe. Sanduku la Agano lilitengenezwa kwa mti wa mshita, na wataalamu wa Biblia wanasema mshita ni wa jamii ya migunga. Basi sisi wa Kajiado hatuhitaji mtu kutueleza mgunga. Tunaujua. Ni mti wa nchi kavu, wenye miiba, wa kuchomea makaa na kuzungushia boma la ng'ombe. Katika jangwa lile hapakuwa na mierezi ya Lebanoni. Mungu hakungoja mierezi. Alimpa fundi wake mti uliokuwa pale pale karibu na hema, akamwambia aupime kwa mikono na shibiri, kisha aufunike kwa dhahabu.

Mara baada ya kutajwa kwa mafundi, katika mlango ule ule wa 31, Mungu anatoa amri ya Sabato. Kwa nini hapo? Twaamini ni kwa sababu fundi aliyepewa kazi tukufu kuliko zote angeweza kusema, "Kazi hii ni ya Mungu, mimi sifungwi na sheria ya kupumzika kama watu wengine." Bwana akaliziba tundu hilo mapema. Hata nyundo ya maskani ilikuwa inyamaze siku ya saba.

Halafu twafungua mlango wa 32, na humo tunamkuta msanii mwingine.

Musa amekawia mlimani. Watu wamechoka kungoja, wamemzunguka Haruni, wanataka mungu wa kuonekana. Haruni anawaambia wavunje pete za dhahabu zilizo masikioni mwa wake zao, wana wao na binti zao. Wanamletea. Mstari wa 4 wasema waziwazi kwamba aliipokea dhahabu ile, akaitengeneza kwa patasi, akaifanya sanamu ya ndama. Kesho yake wakaamka mapema, wakala, wakanywa, wakaondoka ili wacheze. Lakini Musa aliposhuka na kumuuliza ndugu yake amefanya nini, je, Haruni alijibu kwamba alichukua patasi? La. Soma mstari wa 24. Alisema kwamba aliitupa dhahabu motoni, na hapo akatoka ndama!

Tafadhali msicheke haraka. Jibu hilo la Haruni liko hai hata leo. Ndilo jibu la kila anayesema kazi yake inatoka yenyewe. Kwamba yeye ni chombo tu, moto ulikuja ukampanda, na yaliyotokea usiku ule hayamhusu: deni la kilabuni, mke aliyepigwa, mtoto aliyelala bila chakula. "Ndivyo tulivyo sisi wasanii," husema. Ndama hakutoka mwenyewe, wapenzi. Palikuwa na mkono na patasi. Na kama palikuwa na mkono, basi pako na mtu wa kuulizwa.

Tena angalieni tofauti ya muda. Ndama alikuwa tayari upesi, na karamu ikafanyika kesho yake. Maskani ilichukua miezi. Dhahabu ilikuwa ya watu wale wale, tena masikio yale yale yaliyotoa pete kwa ajili ya ndama, wenye masikio hayo ndio waliokuja baadaye kutoa vikuku na pete kwa ajili ya hema, hata Musa akapiga marufuku wasilete tena maana vimezidi. Na hesabu ikaandikwa. Mlango wa 38 wataja dhahabu yote iliyotumika, talanta 29 na shekeli 730. Dhahabu ya ndama haina hesabu iliyoandikwa. Ilisagwa, ikanyunyizwa majini, watu wakanyweshwa.

Pengine mtauliza, hili wazo kwamba msanii ni lazima aishi ovyo limetoka wapi? Maana wazee wetu hawakulijua. Kijijini mpiga zeze alikuwa na shamba, na mfua vyuma alikuwa na wake na watoto na miiko mingi kuliko watu wengine. Historia yake inaanzia mbali kidogo, nayo ina jambo moja la ajabu linalotuhusu sisi wa Namanga.

Katika jiji la Paris, huko Ufaransa, miaka ya 1840, walikuwako vijana waandishi na wachoraji walioishi katika vyumba vya darini, bila kuni, bila kodi ya nyumba. Mmoja wao, Henri Murger, akaandika visa vyao, na mwaka 1851 visa hivyo vikatolewa kitabu. Mwaka 1896 Mwitaliano Puccini akavifanyia opera, yaani mchezo wa kuimbwa, na tangu hapo dunia nzima ikapenda picha ile: kijana maskini, mvinyo, mapenzi, mashairi, na baridi inayopenya dirishani. Watu hao waliitwa kwa jina la nchi ya Bohemia, kwa sababu Wafaransa waliwaita hivyo watu wahamaji wasio na makao, wakidhani wametoka huko. Lakini wengi wanaoipenda picha hiyo hawaangalii mwisho wake. Katika kisa chenyewe yule msichana, Mimi, anakufa kwa kifua kikuu. Na Murger mwenyewe alikufa mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka 38.

Sasa, jambo la ajabu ni hili. Bohemia ni nchi ya kweli. Leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Na watu wa kweli wa Bohemia, wale wa upande wa mji wa Jablonec, hawakushinda wakinywa mvinyo darini. Walikuwa wakitengeneza shanga za kioo. Kwa vizazi vingi shanga zao zimevuka bahari zikafika Afrika Mashariki, na mpaka leo nyingi ya shanga ndogo ndogo zinazoshonwa na akina mama wa Kimaasai zatoka huko. Bohemia ya uvivu ilitoka katika vitabu. Bohemia ya kazi imo mikononi mwa mama zetu.

Na kioo ni nini? Ni mchanga, na chokaa, na magadi, vikayeyushwa motoni. Ninyi mkaao Kajiado mjini mmeyaona mabehewa ya treni yakitoka Ziwa Magadi, yakipita kwenda Konza. Kwa zaidi ya miaka 100 magadi yetu yamekuwa yakisafirishwa kwenda viwandani, na moja ya kazi zake kubwa ni kutengeneza kioo. Kule Kitengela, karibu na mbuga ya wanyama ya Nairobi, familia ya Croze imekuwa kwa zaidi ya miaka 30 ikifanya kazi ya vioo, ikiyeyusha vioo vya zamani na kuvifanya glasi, mitungi na vioo vya rangi vya madirisha. Tanuru la kioo si kama jiko la chai. Huwezi kulizima jioni ukaliwasha asubuhi kama upendavyo. Lazima mtu alilinde. Mpuliza kioo ana muda mfupi sana kabla kioo hakijaganda mbele ya bomba lake. Asiyekuwa na kiasi katika kazi hiyo ataungua, au atamwunguza mwenzake. Hapo hakuna nafasi ya kungoja moyo upende.

Twataka kuwaambia habari za mama mmoja wa Namanga. Ametupa ruhusa, ila jina lake tutalihifadhi. Ni mshiriki wetu, tena wa umoja wa akina mama, na kila siku isipokuwa Jumapili yuko karibu na barabara kuu akiuza mikufu na vikuku vya shanga kwa wageni waendao Arusha au Amboseli. Tangu kile kituo cha pamoja cha forodha kilipozinduliwa mwaka 2018, magari hayakai mpakani kama zamani, na biashara imekuwa ya kukimbizana. Siku moja tuliketi karibu naye, tukamwuliza:

"Yeyo, mkufu huu ulichukua siku ngapi?"

"Siku nne, mchungaji, ukitoa siku ya kuchota maji."

"Na ukikosea rangi?"

"Nakata uzi, narudi nyuma. Shanga haifichi. Ukikosea moja, hata mtoto ataiona."

Alituonyesha jinsi buluu ya mbingu inavyokaa karibu na nyeupe ya maziwa, na kwa nini nyekundu isimezwe na rangi ya chungwa. Alizungumza kama profesa. Tukamwambia, "Basi wewe ni msanii." Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa shuka.

"Hapana, mchungaji. Msanii ni kijana wangu. Mimi nashona tu."

Kijana huyo tunamfahamu. Alikuwa mpiga gitaa wa kwaya yetu, na kwa kweli tangu aondoke hatujampata mwingine mwenye vidole kama vyake. Yuko Kitengela sasa, katika chumba cha kupanga nyuma ya baa. Ana mtoto wa kike wa miaka mitano. Mtoto huyo analelewa na bibi yake pale Namanga, na karo yake yatoka katika zile shanga. Gitaa la kwanza kijana aliliweka rehani akashindwa kulikomboa. Mama ana kopo lake, anaweka shilingi hamsini hamsini, apate kumnunulia jingine. Mama ni mama.

Tulikwenda kumwona, sisi na mzee mmoja wa kanisa. Alitupokea vizuri, akatukalisha kitandani maana kiti kilikuwa kimoja. Tukazungumza sana. Alisema jambo ambalo tumelisikia kwa wengi: "Mchungaji, nyimbo hunijia nikiwa katika shida. Nikitulia, zinakauka. Nikirudi nyumbani, niamke saa kumi na mbili, nilipe kodi, nitakuwa kama kila mtu."

Hatukutaka kumjibu kwa ukali, maana lina chembe ya kweli. Daudi alitunga zaburi akiwa pangoni. Yeremia aliomboleza juu ya mji ulioteketea. Mwenye dhiki huona mambo ambayo mwenye kushiba hayaoni. Lakini Daudi hakulitafuta pango lile ili apate zaburi. Alikimbizwa na Sauli! Mtu ajitengenezaye dhiki, tena dhiki yenyewe akaibeba mtoto wake na mama yake, huyo hatungi wimbo kutoka katika mateso yake. Anatunga kutoka katika mateso ya wengine, na hawalipi.

Mzee wa kanisa, ambaye ni mtu wa hesabu, alimwuliza swali moja tu: "Mwanangu, mwaka huu umemaliza nyimbo ngapi?" Kijana akafikiri. Akasema mbili; kisha akasema, moja bado haina ubeti wa mwisho. Mzee hakusema neno tena. Wote watatu tulijua ni mikufu mingapi iliyomalizwa Namanga katika mwaka ule.

Ndugu msikilizaji, wewe uliye kijana na una kipawa, usidhani kwamba maisha ya saa na ratiba yanaua sanaa. Mtukufu Shaaban Robert, ambaye hakuna shule isiyomtaja, hakuwa mtu wa kushinda barazani akingoja roho ya ushairi. Tangu 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha huko Tanganyika. Naam, forodha, kazi ile ile inayofanywa na hao mnaowaona pale Namanga wakikagua magunia na matela. Baadaye akahamishiwa idara nyingine za serikali. Alikuwa Mwislamu mwenye kushika dini yake, na vitabu vyake vilitoka katika saa zilizobaki baada ya kazi. Afisa wa forodha anayetusikiliza asubuhi hii, usijidharau.

Au tazameni Wimbo wetu wa Taifa. Mwaka 1963 kazi ile walipewa watu watano: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi, na Thomas Kalume aliyejulikana pia kama mchungaji na baadaye akawa mbunge. Waliketi pamoja kama kamati, na sauti waliyoichagua ilikuwa ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Mama wa kando ya Mto Tana aliyekuwa akimlaza mtoto hakujua kwamba taifa zima litasimama wima kwa sauti yake. Hakuna hata mmoja katika kazi ile aliyehitaji kuharibu nyumba yake ili wimbo upatikane.

Na yuko Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro mwaka 1932, aliyesoma sanaa Makerere. Mwaka 1959 alichora kuta za kanisa letu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote pale Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall wakati huo. Lile ni kanisa la ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Alimchora Bwana Yesu kati ya watu weusi, katika nchi ya vilima na migomba, wakati ambapo wengi walidhani Yesu ni wa picha za kalenda kutoka Ulaya. Mwaka 1965 akaanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa huko Nairobi. Mwaka 1997 moto uliiteketeza, na kazi nyingi zilizokuwamo zikapotea. Angeweza kukaa katika majivu akawa mtu wa kuhurumiwa maisha yake yote. Yeye na mkewe Phillda waliendelea na kazi. Mkipata nafasi ya kupita Murang'a, ingieni mle kanisani mkatazame ukuta. Msipite tu kwenda kununua maembe.

Hadi hapa pengine wazee wa kanisa wanaitikia kwa vichwa, wakisema vijana wameambiwa. Subirini kidogo, wazee, zamu yenu imefika.

Yako makanisa ambayo fundi wa umeme akija kurekebisha kipaza sauti hulipwa siku ile ile. Seremala wa viti hulipwa. Lakini mwalimu wa kwaya aliyefundisha nyimbo nane za Pasaka, usiku baada ya usiku, kwa nauli yake mwenyewe, hupewa soda na makofi. Mchoraji akiandika maneno ya Mungu ukutani juu ya madhabahu, husema naye, "Ndugu, utalipwa mbinguni." Mbona fundi wa umeme halipwi mbinguni? Bwana wetu alifundisha kwamba mtenda kazi astahili ujira wake, wala hakusema isipokuwa mpiga kinanda. Halafu kijana yule yule akienda kupiga muziki hotelini, mahali wanapomlipa elfu mbili kwa usiku, baraza la parokia hukutana kumtenga. Tukitaka kulia juu ya wasanii waliopotea, tuanze na kitabu cha mweka hazina. Inasikitisha jinsi mara nyingi mwimbaji aliyejulikana nchi nzima hufa, na harambee ikafanywa ya kumzika, ikahudhuriwa na watu ambao hawakuwahi kununua wimbo wake hata mmoja.

Tena mzazi usiseme kwamba ni nyimbo za kanisani tu zilizo za Mungu. Wale wanawake waliosokota sufi za mbuzi katika mlango wa 35 hawakuwa wakiimba zaburi, walikuwa wakisokota. Kijana akichonga twiga mzuri, akaandika hadithi ya mapenzi iliyo safi, akaigiza mchezo wa kuchekesha watu waliochoka, hajaenda kwa Shetani. La kuuliza ni yale yale unayomwuliza seremala. Kazi ni njema? Imekamilika? Aliyekuagiza umemtimizia ahadi? Nyumbani wamekula?

Mtume Paulo, katika Waefeso 2:10, asema sisi ni kazi ya Mungu mwenyewe, na neno la Kiyunani alilolitumia ni *poiema*, kitu kilichofanywa kwa ustadi. Basi hata yule kijana wa Kitengela, katika chumba chake kile, yeye mwenyewe ni kazi ambayo Mungu bado ameishika mkononi. Naye Mungu hufanya kama yule mama wa Namanga. Akiona rangi imekosewa, haitupi shanga. Anakata uzi, anarudi nyuma.

Mwanetu, kama unasikiliza, kwaya hufanya mazoezi Alhamisi saa kumi na moja jioni kama kawaida. Baraza la parokia limekubali kwamba mpiga gitaa atalipwa. Si nyingi, lakini ni pesa za kila mwezi. Lile kopo la mama yako lina shilingi elfu nne na mia mbili. Na binti yako amejua kuandika jina lake. Analiandika kwa makaa kwenye mlango wa bibi yake.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyemwita Bezaleli kwa jina lake, waite leo walio wako katika Kitengela, na Kajiado, na Namanga pande zote mbili za mpaka. Uwalinde macho akina mama washonao shanga kwa mwanga wa taa ndogo. Uwape wageni moyo wa kulipa bei ya haki. Wakumbuke mafundi walio mbele ya tanuru asubuhi hii, na waimbaji wanaorudi nyumbani sasa hivi baada ya kukesha. Nasi twamwomba kijana huyu arudi kabla ya mvua. Kwa Yesu Kristo, seremala wa Nazareti, Bwana wetu. Amina.